Rubani shujaa, nyumba ya Del Mar na kikaratasi cha bei

Novemba 2003 mbunge mmoja wa Marekani aliuza nyumba yake ya Del Mar, kaskazini kidogo mwa San Diego, California, kwa dola 1,675,000. Aliyenunua sio mtu, ni kampuni ambayo jina lake ni anwani ya mtaa, 1523 New Hampshire Avenue LLC, na ukiifuata hiyo anwani Washington unakuta ndo makao makuu ya kampuni nyingine inaitwa MZM, iliyokuwa inakula tenda za wizara ya ulinzi. Mnunuzi hakuhamia. Nyumba ikarudishwa sokoni haraka haraka, ikakaa zaidi ya miezi 8 haina mtu ndani, mwisho ikaenda kwa dola 975,000. Hasara ya dola laki saba, na hapo kumbuka ni kipindi ambacho bei za nyumba San Diego zilikuwa zinapanda kila kukicha, yaani ulikuwa unahitaji juhudi kupata hasara.

Mbunge mwenyewe alikuwa Randy Cunningham, jina la jeshini Duke, na huyu sio mbunge wa kawaida wa kuokota, huyu kwa watu wa San Diego alikuwa shujaa wa vita mwenye medali za kweli kifuani.

Nimeamua kukiandika hiki kisa chote kwa sababu kijiweni kwetu Kirumba, Mwanza, kuna ubishi haujaisha, kuna watu wanaamini kabisa kwamba mtu akitoka jeshini akagombea basi mpe tu, mjeda haibi, mjeda kafundwa. Na anayeshikilia hiyo hoja kuliko wote ni mzee mmoja tunamwita Afande, alivuka mto Kagera akiwa kijana na 1979 alikuwemo Kampala, kwa hiyo sio mtu wa kumbishia ovyo. Mi nikamwambia shikamoo Afande, naomba nikueleze habari ya mwenzako mmoja wa Marekani, afu uniambie. Akasema marahaba, eleza, ila usiniletee ya magazeti ya udaku.

Sasa tumtendee haki jamaa kwanza. Alizaliwa 1941 Los Angeles, akakulia Missouri, akawa mwalimu na kocha wa kuogelea, 1967 akaingia jeshi la majini akawa rubani. Vita ya Vietnam alirusha F-4 Phantom kutoka kwenye meli ya USS Constellation, na ile ndege ina viti viwili, mbele rubani, nyuma anakaa mtu wa rada, na mtu wake wa nyuma alikuwa William Driscoll, hili jina lishike maana nitalirudia. Januari 19, 1972 wakaangusha ndege ya kwanza ya Vietnam Kaskazini. Mei 8 ya pili. Afu Mei 10, siku moja tu, wakaangusha MiG-17 tatu, na wakiwa wanarudi wakapigwa na kombora la kutoka ardhini, ndege inawaka, Cunningham akaivutavuta hivo hivo mpaka baharini ndo wakaruka na miavuli, helikopta ikawaokota. Ukiangusha ndege tano unaingia kwenye daraja la marubani mabingwa, na jeshi lote la majini la Marekani kwenye vita nzima ya Vietnam lilipata rubani mmoja tu wa hivo, ndo huyu. Wote wawili wakapewa Navy Cross, ambayo kwa jeshi la majini juu yake kuna medali moja tu.

Hapo Afande alikaa kimya kidogo afu akatoa yake. Wazee wa Mwanza mnajua Machi 1979 Gaddafi alimsaidia Amin kwa kutuma ndege ya mabomu, Tu-22, ije ilipue matanki ya mafuta hapa mjini, ikakosa, mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane yakaua wanyama. Hoja yake ilikuwa kwamba dubwana lile, na marubani wamesomeshwa, halikuweza kupiga kitu ambacho hakitembei, we unaniambia mtu kapiga tatu zinazokimbia kwa siku moja? Huyo mwanaume. Nikakubali. Mwanaume kabisa.

Ila ona kitu kilichofuata, maana huu ndo mwanzo wa tatizo kwa maoni yangu. Ile MiG ya tatu ya Mei 10 ikaanza kusimuliwa kwamba ilirushwa na kanali mmoja hatari wa Vietnam, Kanali Toon, bingwa wa mabingwa, alishaangusha Wamarekani 13. Baadae watafiti walipochimba upande wa Vietnam hawakumkuta rubani wa hivo, kanali hakuwepo. Sisemi Cunningham ndo aliyemtunga, hiyo hadithi ilizunguka jeshini kote. Nasema tu medali ilikuwa ya kweli na bado ikaongezwa chumvi, na hakuna aliyekuwa na sababu ya kuipunguza, maana nani anataka kuonekana anamshusha shujaa? Ukimya wa namna hiyo ukishazoeleka kwenye habari za vita, kesho unahamia kwenye habari za hela.

Akafundisha urubani wa kivita pale kambi ya Miramar, San Diego, akastaafu, na 1990 akagombea ubunge San Diego. Mbunge aliyekuwepo, Jim Bates, alikuwa ameshakaripiwa na kamati ya maadili ya Bunge kwa kuwanyanyasa kijinsia wanawake waliomfanyia kazi ofisini, kwa hiyo kampeni ya Duke ilikuwa nyepesi, kwamba tuwe na mbunge tunayeweza kujivunia. Ndo ilikuwa kauli mbiu yake. San Diego ni mji wa wanamaji, kila ukoo una mjeda, bado akashinda kwa kura kiduchu, ila kuanzia hapo hakutoka bungeni miaka 15.

Bungeni akapanda mpaka kwenye kamati ndogo ya matumizi ya ulinzi, na pia kamati ya ujasusi. Hapa inabidi nieleze taratibu maana bila hapa kisa hakieleweki. Kule mbunge wakati huo alikuwa na uwezo ambao wa kwetu hana. Kwetu bajeti inaletwa na serikali, mbunge anaweza kupiga kelele, kushika shilingi ya mshahara wa waziri, lakini hawezi kuchomeka mstari wake kwamba kiasi fulani kiende kwa kazi fulani. Kule walikuwa wanachomeka. Mbunge aliandika kifungu, zitengwe dola milioni kadhaa kwa teknolojia ya aina fulani, na ile aina ilielezwa kiujanja mpaka kampuni inayoweza kuikidhi ikabaki moja. Afu sehemu kubwa ya bajeti ya ujasusi ni siri kwa sheria, wanaoruhusiwa kuisoma ni wachache, na yeye alikuwa mmoja wao. Ukimkosea raia kwenye bajeti ya barabara ataona shimo. Kwenye bajeti ya siri ataona nini?

Walioligundua hilo pengo walikuwa wafanyabiashara wawili. Mmoja Brent Wilkes, kampuni yake ADCS ilikuwa Poway hapo hapo California, kazi yake kuskani makaratasi kuyaingiza kwenye kompyuta. Mwingine ni Mitchell Wade, mwenye MZM. Kupitia fedha za kuchomekwa, ADCS ililipwa karibu dola milioni 10 kuskani nyaraka za Mfereji wa Panama, nyaraka nyingine zina umri wa miaka mia, kazi ambayo Pentagon, yaani wizara ya ulinzi yenyewe, haikuiomba. Kuna ofisa akisita kutoa mzigo Cunningham anapiga simu, anafoka, anatishia. Na hapa jiulize, we ni mtumishi wa wizara ya ulinzi, unapigiwa simu na mbunge anayegawa bajeti yako, tena mbunge mwenyewe ni yule rubani ambaye picha yake ulikuwa nayo ukutani chuoni. Utamuuliza, mheshimiwa, hii kazi ya nini?

Kwa hiyo Wade na Wilkes wakawa wanamrudishia fadhila. Na orodha ya fadhila zenyewe ndo inachekesha na kuumiza: boti ya starehe kwenye mto Potomac, Washington, Wade aliinunua dola 140,000, Duke akawa anaishi humo, na ikaandikwa jina Duke-Stir. Rolls-Royce iliyotumika, na hela za kuitengeneza. Mazulia ya Kiajemi. Makabati ya kale ya Kifaransa, vinara vya mishumaa vya fedha. Boti yake nyingine ya zamani akamuuzia mfanyabiashara wa New York, Thomas Kontogiannis, kwa dola 600,000, na boti haikuondoka kwake. Afu ndo ile nyumba, alipoiuza Del Mar akanunua kasri Rancho Santa Fe kwa dola milioni 2.55, na mikopo ya hilo kasri ikalipwa na haohao washikaji. Mshahara wa mbunge kule 2005 ulikuwa dola 162,100 kwa mwaka. Piga hesabu mwenyewe.

Kijiweni hapa ndo palikuwa na fujo. Kijana mmoja wa bodaboda akasema huyu mzungu mjinga, wa kwetu wangepokea cash wakaficha kwa shemeji. Mi naona hapo ndo kuna jambo la kufikiria kweli. Hakuficha. Boti ilikaa Potomac ina jina lake, kila mtu Washington anapita anaiona, miaka inapita. Mtu anayejua anaiba anatembea na hofu, huyu hakuwa na hofu hata kidogo, na sababu ya kutokuwa na hofu ni kwamba tangu 1972 hakuna mtu aliyewahi kumhoji kitu akakaza. Ile medali ilishamjibia maswali yote. Sidhani kama aliamka siku moja akasema leo naanza wizi, nadhani alifika mahali akaona anadaiwa na nchi, kwamba nilipigwa kombora kwa ajili yenu, rafiki akininunulia zulia kuna shida gani.

Sasa alikamatwaje. FBI hawakuanza. Bunge ndo kabisa, kamati ya maadili haikugusa. Alianza mwandishi wa habari, Marcus Stern, wa Copley News Service, ofisi ya Washington. Alikuwa anafuatilia safari za mbunge za Saudi Arabia, zikamshangaza, akajiuliza huyu jamaa maisha yake yakoje, akafungua rekodi za ardhi na nyumba, ambazo kule mtu yeyote anafungua. Akakuta mauzo ya Del Mar. Akaangalia nyumba za jirani ziliuzwa bei gani, akaona haziendani. Akaifuata kampuni iliyonunua, akaona anwani, akaona MZM, akaona tenda za MZM zilivyovimba kuanzia 2002. Juni 12, 2005 habari ikatoka. Hakuna nyaraka ya siri hata moja iliyovuja, hakuna mtoa taarifa aliyejificha na miwani nyeusi, ni bei ya nyumba tu, iliyokuwa wazi kwenye daftari la serikali mwaka mmoja na nusu, inasubiri mtu aulize. Mwaka uliofuata yeye na wenzake, akiwemo Jerry Kammer, wakapata Pulitzer, tuzo kubwa ya uandishi wa habari kule Marekani.

Cunningham mwanzo akajitetea kwamba bei alimuuliza dalali rafiki yake, na labda alipungukiwa busara tu. Julai 1 wapelelezi wakaingia nyumbani kwake, kwenye boti, na ofisini MZM, siku hiyo hiyo. Julai 14 akasema hatagombea tena. Novemba 28, 2005 akasimama mahakamani San Diego akakiri: kula njama ya kupokea rushwa, na kukwepa kodi. Jumla ya rushwa angalau dola milioni 2.4. Nje akasoma karatasi huku analia, akasema alivunja sheria, alificha alichofanya, na ameaibisha cheo alichopewa. Siku hiyo hiyo akatangaza kuachia ubunge.

Tukaja kwenye kikaratasi.

Waendesha mashtaka walipopeleka mapendekezo ya adhabu, waliambatanisha kikaratasi cha ofisi, chenye nembo ya Bunge na jina la Cunningham juu, na chini yake kwa mkono kumeandikwa safu mbili za namba. Safu moja ni thamani ya tenda kwa mamilioni, safu ya pili ni rushwa kwa maelfu. Mstari wa juu 16, mbele yake BT 140. Maana yake ukitaka tenda ya milioni 16 unatoa boti, ile ya 140,000. Afu 17, 18, 19, 20, kila milioni ya kuongeza unaongeza 50,000. Kuanzia 21 mpaka 24 kila milioni inakuwa 25,000.

Nilipolisoma hili kijiweni wanaume karibu wote wakacheka. Mama mmoja anayeuza dagaa wa jumla pale soko la Mwaloni, alikuwa amekuja kununua kahawa tu, ndo aliyeielewa kuliko sisi wote. Akasema huyo kapanga bei ya jumla, ukichukua gunia moja bei hii, ukichukua mengi nakupunguzia, na mtu hapangi bei ya jumla kama hana wateja wa kurudi. Sikuwa nimeiona hivo. Nilikuwa naona ulafi tu. Kumbe ukiangalia ile 50 kushuka 25, ni mtu aliyekaa akafikiria biashara, akataka mteja asikimbie, akataka mzigo uongezeke. Mtu anayepokea bahasha kwa aibu hapangi punguzo.

Na Afande hakucheka. Alichouliza ni kimoja, hiyo karatasi ina nembo ya Bunge? Nikasema ndio. Akasema hapo sasa kaniudhi.

Turudi kwa Driscoll. Yule wa kiti cha nyuma. Ndege ileile, kombora lilelile, Navy Cross ileile, na wote waliishia kufundisha marubani. Driscoll alipoachana na jeshi akaingia biashara ya majengo na viwanja, hapo hapo San Diego. Alikaa kwenye biashara hiyo na hakuna kesi niliyoisikia. Nimemtaja kwa sababu maneno mawili yanasemwa sana kuhusu Cunningham na yote mawili naona hayasimami. La kwanza, eti vita vilimharibu, mtu akishaua anakuwa sugu. Basi mwenzake mbona hakuharibika? La pili ndo lile la Afande, kwamba jeshi linamfunda mtu asiibe. Basi yeye mbona aliiba? Wawili hawa jeshi liliwafunda darasa moja. Kilichowatofautisha baada ya hapo ni kwamba mmoja aliwekwa mahali penye hela nyingi, siri nyingi, na heshima inayozuia maswali, mwingine akawekwa sokoni ambako mnunuzi anakukazia macho mpaka senti ya mwisho.

Afande hakuikubali moja kwa moja. Yeye akasema tatizo la Marekani ni hela, na kwamba zamani kwetu kiongozi alibanwa, Azimio la Arusha 1967 lilisema kiongozi asiwe na nyumba ya kupangisha, asiwe na mishahara miwili, asiwe na hisa, na mambo yaliharibika walipolegeza kule Zanzibar 1991. Kuna ukweli hapo, ila nilimkumbusha rada. Rada tuliyouziwa na BAE, kampuni ya silaha ya Uingereza, pauni milioni 28, na hoja iliyokuwa inazima mjadala ilikuwa ileile, ni mambo ya ulinzi haya, usiulize. Waingereza ndo walioichimba, 2010 BAE wakakiri huko kwao kosa la kutotunza vizuri kumbukumbu za hesabu, wakakubali kutulipa pauni milioni 29.5 zilizokuja kuishia kwenye vitabu na madawati ya shule. Hakuna rubani shujaa kwenye kisa cha rada, lakini neno ulinzi lilifanya kazi ileile iliyofanywa na medali ya Duke, kuwafanya watu wazima waone aibu kuuliza bei.

Na tofauti moja kubwa ambayo inaniuma: Stern alifungua rekodi ya nyumba akiwa mwandishi tu, hana kibali cha mtu. Kwetu kiongozi anajaza fomu ya mali kila mwisho wa mwaka anapeleka Sekretarieti ya Maadili, sheria ipo tangu 1995, na sheria ya rushwa ya 2007 inaruhusu TAKUKURU kumbana mtu mwenye mali isiyolingana na kipato chake. Vizuri. Lakini fomu zile sio kitu cha kubandikwa ukutani wananchi wasome. Pale Capri Point kuna majumba tunapita kila siku tunaulizana la nani lile, na majibu ni tetesi. Labda wenye nayo ni wafanyabiashara waaminifu kabisa wa samaki, sina ushahidi wa kumtuhumu mtu, na ndo shida yenyewe hiyo, msafi na mchafu wote wanabaki kwenye tetesi.

Hukumu. Machi 3, 2006, Jaji Larry Burns. Upande wa mashtaka ulitaka miaka 10, ndo kiwango cha juu kwa makosa aliyokiri. Upande wake ukaomba 6, kwamba mzee anaumwa, kalitumikia taifa, angalieni vita. Jaji akampunguzia kidogo kwa ajili ya vita, akampa miaka 8 na miezi 4, na kurejesha dola milioni 1.8. Kwa wakati huo hakukuwa na mbunge wa Marekani aliyewahi kufungwa muda mrefu hivo kwa rushwa. Jaji alimwambia jambo ambalo kijiweni lilipita vizuri sana, kwamba hukuwa na njaa, hukuwa na baridi, na bado ulifanya haya.

Kijana wa bodaboda akauliza, sasa kama vita vimempunguzia adhabu, si ndo yaleyale ya shujaa kupendelewa? Swali zuri na nimelifikiria sana. Mi naona pale ni mahali pake. Mahakamani kila kitu kimeshawekwa mezani, wizi unajulikana, kiasi kinajulikana, sasa ndo mnapima mtu mzima na mazuri yake, na hata mwizi wa kuku anaruhusiwa kusema mi ni baba wa watoto wanne. Ubaya ni medali kupimwa kabla, pale kwenye kamati, pale kwenye simu ya ofisa wa Pentagon, ambako ilitakiwa ipimwe tenda.

Wengine kwa haraka. Wilkes alikataa kukiri, 2008 akapewa miaka 12. Wade alishirikiana na wapelelezi akapata miezi 30. Hata mtu wa tatu kwa cheo pale CIA, Kyle Foggo, rafiki wa utotoni wa Wilkes, akaenda na maji, miezi 37. Na 2007 Bunge likapitisha sheria ya kumnyima pensheni ya ubunge atakayepatikana na hatia ya rushwa, pia wanaochomeka hela kwenye bajeti wakaanza kutajwa majina, ila ile ya pensheni haikurudi nyuma, kwa hiyo Duke mwenyewe haikumgusa, aliendelea kustahili pensheni ya ubunge na ya jeshi pia. Hapo kijiweni palichafuka. Sikuweza kuendelea dakika kumi.

Alitoka 2013, akahamia Arkansas. Januari 20, 2021, siku ambayo Trump anaondoka Ikulu mara ya kwanza, akampa msamaha wenye masharti. Maelezo ya Ikulu yalitaja kifungo chake na rushwa, afu yakataja kwamba gerezani alifundisha wafungwa wenzake, kwamba alipigana Vietnam, kwamba alikuwa anajitolea kikosi cha zimamoto huko alikokuwa anaishi.

Nilitegemea Afande ashangilie, hakushangilia. Alisema msamaha ni haki ya rais, hata Mwalimu alikuwa anasamehe wafungwa, ila vita visingetajwa pale. Kwamba kama unamsamehe mzee kwa sababu kafundisha wafungwa na kazima moto, sawa, hivyo kavifanya baada ya kosa. Vita alishalipwa navyo, alilipwa medali. Nikamwambia basi Afande tumekubaliana, akasema hatujakubaliana, mjeda kwangu bado ni mtu wa kwanza, ila atafungua daftari.

Mama wa dagaa yeye hakuwa na muda na msamaha. Alitaka kujua makabati na mazulia yalienda wapi. Nikamwambia kasri lilitaifishwa kwenye yale makubaliano ya kukiri, na 2006 serikali ikaweka vile vitu mnada hapo hapo California, watu wakaja wakanunua. Akaniuliza kama kwenye minada ya serikali ya kule nako kuna watu wanajua bei kabla ya wengine.